Mafunzo ya Usalama, Heshima na Mabadiliko Kazini: Mwongozo kwa Mashamba ya Maua

1. Kusudi la mwongozo huu

Mwongozo huu ni wa wafanyakazi, wasimamizi na mameneja wa mashamba ya maua nchini Kenya, hasa yale yanayozunguka Ziwa Naivasha. Unaeleza nani afunzwe, afunzwe nini, kwa lugha gani, wakati gani, na tutajuaje kwamba mafunzo yamemwingia.

Katika mashamba mengi mafunzo haya hugawanywa kwa watu watatu. Afisa wa usalama hufunza habari za dawa na mashine. Ofisi ya wafanyakazi hufunza habari za heshima na dhuluma za kingono. Ikija mashine mpya au mpango wa kupunguza watu, meneja huitisha mkutano mfupi, husoma tangazo, na watu wakarudi kazini wakiwa na maswali mengi kuliko walivyokuja.

Sisi tunapendekeza mambo haya matatu yafunzwe pamoja, kwa sababu yote yanategemea swali moja: mfanyakazi wa chini akiona jambo baya, anaweza kumwambia msimamizi wake bila kuhofia riziki yake, na msimamizi akachukua hatua? Mama anayenyamaza kuhusu msimamizi anayemshikashika hatathubutu pia kusema kwamba glavu alizopewa zimetoboka. Kijana aliyetukanwa mbele ya wenzake jana hatauliza leo namna ya kutumia mashine asiyoielewa. Atabonyeza tu, na Mungu amsaidie. Shamba linaloziba midomo ya watu katika jambo moja limeiziba katika yote.

2. Sheria inataka nini

Kumfunza mfanyakazi si hisani ya mwajiri. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe habari, maelekezo, mafunzo na usimamizi wa kutosha ili watu wasidhurike kazini. Penye wafanyakazi 20 au zaidi, sheria inataka pawe na kamati ya usalama na afya yenye wawakilishi wa mwajiri na wa wafanyakazi. Mfanyakazi anatakiwa kumwarifu msimamizi wake hatari asiyoweza kuiondoa mwenyewe, na mwajiri hana ruhusa ya kumrudisha mahali penye hatari kubwa inayoendelea kabla haijashughulikiwa. Aliyelalamika kuhusu usalama hapaswi kufutwa wala kuonewa kwa sababu hiyo.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atoe sera ya maandishi dhidi ya dhuluma za kingono, baada ya kushauriana na wafanyakazi au wawakilishi wao. Sera hiyo lazima ieleze dhuluma ni nini, malalamiko yapelekwe wapi, na kwamba jina la mlalamishi halitatangazwa ila pale uchunguzi unapolazimu. Sheria hiyo pia inapiga marufuku ubaguzi wa jinsia, kabila, dini, ulemavu, ujauzito na mengineyo, na inaeleza utaratibu unaopaswa kufuatwa kazi zinapopungua. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, nayo ya 2007, inamlazimu mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake.

Kimataifa, Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilipitisha Mkataba Na. 190 dhidi ya ukatili na unyanyasaji kazini mwaka 2019. Mkataba huo unahesabu kuwa ni unyanyasaji hata kitendo kilichotokea mara moja tu, na unagusa pia safari za kwenda na kutoka kazini, na makazi yanayotolewa na mwajiri. Mwaka 2022 shirika hilo liliingiza usalama na afya kazini katika haki za msingi za mfanyakazi.

Mkufunzi asivisome vifungu hivi ukumbini watu wakapigwa na usingizi. Achukue kila kifungu akigeuze kuwa tendo la shambani. Badala ya kusema "mna haki ya kupewa vifaa vya kujikinga", aseme: "Buti yako ikipasuka, nenda stoo kwa fulani, uonyeshe iliyopasuka, upewe nyingine siku hiyo hiyo bila kukatwa mshahara. Ukinyimwa, mwambie mjumbe wa kamati, huyu hapa, simama wakuone."

3. Wasimamizi wafunzwe kwanza

Mashamba mengi huanza kufunza wavunaji na wapanga maua, kisha wasimamizi hupewa muhtasari wakipata nafasi. Huko ni kuanzia mwisho. Mfanyakazi akifunzwa Jumatatu kuripoti hatari, akaripoti Jumanne, na supavaisa akamjibu "Wewe unataka kazi ama hutaki?", mafunzo yote yameishia hapo. Waliosikia jibu hilo hawataripoti chochote mwaka mzima.

Katika mafunzo ya mameneja tumieni kisa cha Rana Plaza, jengo la viwanda vya nguo lililokuwa Savar, karibu na Dhaka, Bangladesh. Tarehe 23 Aprili 2013 nyufa kubwa zilionekana ukutani na watu wakatolewa nje. Benki iliyokuwa na tawi ndani ya jengo hilo iliwaambia wafanyakazi wake wasirudi. Washonaji waliambiwa warudi, na baadhi yao wakatishiwa kukatwa mshahara. Asubuhi ya tarehe 24 jengo lilianguka, na zaidi ya watu 1,100 walikufa. Waulizeni mameneja: nani aliijua hatari? Wote waliijua. Nani alikuwa na sauti ya kukataa kuingia? Nani hakuwa nayo? Kisha waulizeni swali hilo hilo kuhusu shamba lao.

Msimamizi afunzwe matendo manne mpaka yawe mazoea.

Kwanza, kupokea. Mtu akija na neno, asikatizwe wala kuchekwa. Maneno ya kutosha ni haya: "Asante kwa kuniambia. Nionyeshe."

Pili, kusimamisha. Kama kuna uwezekano wa mtu kuumia, kazi isimame kwanza na maswali yafuate. Kila msimamizi apewe mamlaka hayo kwa maandishi yenye sahihi ya meneja mkuu, na kila mfanyakazi apewe mamlaka ya kujiondoa mwenyewe mahali pa hatari.

Tatu, kuandika. Jambo liingizwe kwenye daftari siku hiyo hiyo: nini kimeonekana, wapi, saa ngapi, nani ameambiwa.

Nne, kurudisha jibu. Aliyesema aambiwe kilichofanyika, hata kama ni kidogo, hata kama ombi limekataliwa, na sababu yake. Watu huacha kusema wanapoona maneno yao yamepotelea hewani.

Mafunzo haya hayatafaa kitu kama targeti zitabaki vilevile. Msimamizi aliyesimamisha blok kwa saa mbili kwa ajili ya usalama, kisha jioni akakemewa kwa kukosa idadi ya mashina, amefundishwa somo jingine. Kwa hiyo kipindi cha mwisho cha mafunzo ya mameneja kiwe cha kupanga namna ya kupunguza targeti kazi inaposimama kwa sababu halali. Wakubaliane, waandike, wawatangazie watu.

4. Usalama: mlango wa kivungulio

Hatari shambani ni nyingi. Kuna sakafu yenye maji katika chumba cha kugredia, nyaya za umeme karibu na maji, mikasi, miiba, forklifti zinazopishana na watembea kwa miguu, mgongo wa anayesimama kutwa, na malori ya kuwarudisha watu nyumbani usiku. Kila moja iwe na kipindi chake kifupi, kifanyiwe mahali penyewe. Mlango wa chumba cha baridi ujaribiwe mbele ya wote kama unafunguka kwa ndani. Lakini kipindi kirefu kuliko vyote kiwe cha dawa za kuua wadudu na ukungu, kwa sababu madhara yake hayaonekani mara moja kama damu.

Funzeni kwa tukio. Wapelekeni watu mlangoni mwa kivungulio (grinihausi). Wekeni bendera nyekundu na ubao ulioandikwa: dawa imepigwa jana saa kumi jioni, muda wa kurejea ni saa 24. Sasa ni saa moja asubuhi, wiki ya kwanza ya Februari, oda za Siku ya Wapendanao zimejaa, na maua ndani yanafunguka. Msimamizi wa uvunaji anasema, "Hiyo dawa imekauka. Ingieni haraka, mtoke haraka." Kisha ulizeni.

Ni saa ngapi watu wanaruhusiwa kuingia? Saa kumi jioni ya leo, na si kabla. Muda huo unatoka kwenye lebo ya dawa na hutofautiana dawa kwa dawa. Kukauka kwa majani hakuubadilishi.

Nani ana mamlaka ya kuondoa bendera? Msimamizi wa upigaji dawa peke yake, baada ya muda kwisha na hewa kupitishwa ndani. Msimamizi wa uvunaji hana mamlaka hayo, meneja wa mauzo hana, na mnunuzi wa Ulaya hana.

Mvunaji afanye nini? Asimame nje. Aseme kwa adabu na kwa sauti inayosikika: "Supavaisa, bendera bado iko. Tunangoja." Kila mmoja katika kundi atamke maneno hayo wakati wa mazoezi. Tunasisitiza jambo hili. Mtu ambaye hajawahi kumtamkia mkubwa maneno ya kukataa hatayapata siku ya shida, na kinywa hufunzwa kama mkono unavyofunzwa kushika mkasi.

Dalili za kudhurika na dawa zijulikane na wote, wakiwemo wale wasiopiga dawa: kuumwa kichwa, kizunguzungu, jasho jingi, mate kujaa mdomoni, kutapika, tumbo kukata, macho kuona ukungu, misuli kutetemeka. Mwenye dalili atolewe nje penye hewa safi, avuliwe nguo zilizoingia dawa, aoshwe kwa maji mengi na sabuni, kisha apelekwe zahanati pamoja na lebo ya dawa yenyewe ili mhudumu ajue anatibu nini. Dawa ikiingia machoni, yaoshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa muda usiopungua robo saa. Asilazimishwe kutapika. Anayemsaidia avae glavu.

Wapiga dawa wana mafunzo yao ya ziada. Wajifunze kuvaa na kuvua ovaroli, aproni, buti, glavu na barakoa yenye chujio kwa mpangilio sahihi, kwa sababu wengi hupata dawa mwilini wakati wa kuvua. Wajifunze kujua chujio limekwisha lini. Waoge kabla ya kwenda nyumbani. Nguo za kupigia dawa zifuliwe shambani. Zikipelekwa nyumbani zitaingia beseni moja na nguo za mtoto. Wanaoshika dawa za jamii ya oganofosfati na kabamati wapimwe damu kiwango cha kolinesterasi kabla ya kuanza kazi hiyo, na wapimwe tena mara kwa mara. Majibu apewe mwenyewe, kwa lugha anayoielewa. Kiwango chake kikishuka, ahamishiwe kazi nyingine bila kupunguziwa mshahara. Kama kuhama kunamaanisha kupoteza pesa, watu watakwepa kipimo.

Mjamzito na anayenyonyesha wasipewe kazi ya dawa. Wafunzeni wasimamizi namna ya kupokea taarifa ya ujauzito kwa faragha na kwa moyo mwema, ili dada aseme mapema badala ya kuficha mpaka tumbo liseme.

Ajali ikitokea, au ikiponea chupuchupu, wengi wetu husema "ajali haina kinga", na mazungumzo yakaisha. Maneno hayo ni ya kufariji wafiwa, na msibani yana mahali pake. Katika uchunguzi wa ajali yasitumike. Kamati iulize kwa nini, kisha iulize tena kwa nini mpaka ifike kwenye jambo linaloweza kurekebishwa. Mtu ameteleza. Kwa nini? Sakafu ilikuwa na maji. Kwa nini? Ndoo hujazwa kupita kiasi. Kwa nini? Ndoo ni chache, na oda haikuletwa. Hapo pana kazi ya kufanya, na si ya mtu aliyeteleza.

Kila msimamizi ajue pia nyakati za kisheria. Kifo kazini kiarifiwe kwa afisa wa usalama na afya wa eneo ndani ya saa 24, na taarifa ya maandishi ifuate ndani ya siku saba. Majeraha yasiyosababisha kifo nayo yaarifiwe kwa maandishi ndani ya siku saba. Kumtibia mtu kimyakimya na kumwambia apumzike nyumbani ni kumnyima fidia yake.

5. Heshima: mamlaka madogo yenye nguvu kubwa

Mwezi Februari 2023 BBC ilitangaza uchunguzi ambamo zaidi ya wanawake 70 wa mashamba ya chai ya Kericho walisema wamedhulumiwa kingono na wasimamizi wao. Mashamba ya maua yasijione kuwa ng'ambo ya jambo hilo. Nayo huajiri wanawake wengi, wengi wao kwa kandarasi za msimu, chini ya wasimamizi ambao mara nyingi ni wanaume.

Dhuluma hujificha ndani ya mamlaka madogo ya kila siku: nani apewe ovataimu, nani kandarasi yake irudiwe, nani apangwe blok rahisi, nani apewe ruhusa ya kupeleka mtoto kliniki. Mahali ambapo mtu mmoja anaamua hayo peke yake bila maandishi, pana soko la rushwa ya ngono hata kama ukutani kumebandikwa mabango kumi. Kwa hiyo mafunzo ya heshima yaambatane na mageuzi ya utaratibu. Orodha ya ovataimu ibandikwe hadharani na iende kwa zamu. Kurudiwa kwa kandarasi kuamuliwe na watu wasiopungua wawili, kwa vigezo vilivyotangazwa. Hakuna anayeajiriwa mlangoni kwa neno la mtu mmoja.

Wafanyakazi wafunzwe kuitambua dhuluma kwa mifano yao wenyewe: kuahidiwa kazi ya ndani ya kugredi kwa sharti la "kuonana jioni", kutumiwa picha chafu kwenye simu, kuguswa wakati wa kukaguliwa getini, maneno ya matusi kuhusu maumbile ya mtu, kutishiwa kufutwa baada ya kukataa. Ielezwe wazi kwamba kukubali kwa kuhofia kazi si ridhaa. Ielezwe pia kwamba kwa mwenye mamlaka kumsumbua mtu kingono ni jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, na haimaliziki kwa kuombana radhi ofisini.

Heshima ina upana zaidi. Kumwita mtu kwa jina la kabila lake, kumdharau kwa lafudhi yake, kumfokea mzee mbele ya vijana, kumcheka mwenye ulemavu, yote haya yafunzwe. Msimamizi kijana anaweza kumrekebisha mama aliyemzidi umri bila kumvunjia heshima: amwite kando, aanze kwa salamu, ataje kosa lenyewe na wala si tabia yake, amalize kwa kueleza anachotarajia.

Njia za kulalamika ziwe angalau tatu, ili mlalamishi asilazimike kupita kwa yule yule anayemdhulumu. Zinaweza kuwa kamati ya jinsia yenye wanawake waliochaguliwa na wenzao, mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, na mtu wa nje ya shamba anayepigiwa simu. Majina na nyuso zao zijulikane. Lalamiko likipokelewa, mambo haya yafuatwe:

Mlalamishi aulizwe kwanza kama yuko salama leo na kama anahitaji hospitali. Aliyebakwa anastahili kufika hospitali mapema iwezekanavyo, na ndani ya saa 72, kwa ajili ya dawa za kuzuia maambukizi ya Ukimwi.

Pande mbili zikitakiwa kutenganishwa wakati wa uchunguzi, mlalamikiwa ndiye ahamishwe. Kumhamisha mlalamishi ni kumwadhibu kwa kusema.

Mlalamikiwa asikilizwe naye kwa haki. Sheria ya Ajira inataka aelezwe tuhuma kwa lugha anayoielewa, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama, kabla ya kufutwa.

Uamuzi utolewe kwa muda uliotangazwa, na pande zote mbili ziambiwe.

Wafunzeni pia wanaoona. Wengi hawajui wafanye nini wanapomwona mwenzao amekwama na mtu nyuma ya rafu za maua. Si lazima wagombane. Mtu anaweza kusogea na kusema kwa sauti, "Dada, unaitwa kwa mzani," wakaondoka pamoja. Baadaye amuulize mwenzake angependa nini kifanyike, wala asimripotie bila yeye kujua.

6. Mabadiliko: waambieni watu mapema

Kilimo cha maua kinabadilika. Maua yaliyokuwa yakisafirishwa kwa ndege peke yake sasa baadhi yanapelekwa kwa meli kutoka Mombasa, na safari hiyo huchukua wiki kadhaa. Maua ya meli yanataka kukatwa yakiwa yamefunga zaidi, yapoezwe haraka, na mnyororo wa baridi usikatike. Hilo linabadilisha kazi ya mvunaji, ya mpangaji na ya anayefanya kazi chumba cha baridi. Kuna mashine za kugredi, na kuna kuingia kazini kwa alama ya kidole. Kila badiliko huleta hatari mpya na hofu mpya.

Wasimamizi wajifunze kutokana na Kericho. Mashine za kuchumia majani chai zilipoingia, watu walizihesabu kuwa zimekuja kuwanyang'anya ugali, na Mei 2023 waandamanaji waliziteketeza baadhi. Maisha ya mtu yalipotea. Mashine ikifika kabla ya maelezo, uvumi ndio utakaoieleza.

Meneja anayeleta mabadiliko aeleze mambo manne: kinachobadilika, sababu yake, nani ataguswa, na kile ambacho bado hakijaamuliwa. La mwisho ni muhimu. Kusema "hilo hatujaamua, tutawaambia tarehe fulani" kunajenga imani kuliko kuahidi kwamba hakuna atakayeguswa. Wasimamizi waambiwe kwanza na wapewe majibu, kwa kuwa wao ndio watakaoulizwa wakati wa chai. Wawakilishi wa wafanyakazi washirikishwe kabla ya uamuzi, wakati maoni yao bado yanaweza kubadilisha kitu.

Wanaofanya kazi itakayochukuliwa na mashine wawe wa kwanza kupewa nafasi ya kujifunza kuiendesha, wanawake wakiwemo. Mara nyingi mashine inapoingia, kazi iliyokuwa ya akina mama hugeuka ya vijana wa kiume bila mtu yeyote kuamua hivyo. Mafunzo ya mashine yafanyike kabla haijawashwa. Kamati ya usalama iikague, na mtu asiwekwe kwenye mashine asiyojua hatari zake.

Ikilazimu kupunguza watu, sheria ifuatwe bila njia za mkato. Chama na afisa wa leba waarifiwe kwa maandishi si chini ya mwezi mmoja kabla, na asiye mwanachama aarifiwe yeye mwenyewe. Wanaochaguliwa wachaguliwe kwa kuzingatia muda waliotumikia, ujuzi, uwezo na kutegemeka kwao. Siku za likizo walizonazo walipwe, wapewe notisi ya mwezi mmoja au mshahara wake, na malipo ya kuachishwa yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka mzima wa kazi. Meneja afunzwe pia namna ya kumwambia mtu habari hiyo: ana kwa ana, kwa faragha, hesabu zake zikiwa zimeandikwa, na muda wa kuuliza maswali.

7. Namna ya kufunza

Mafunzo yafanyike ndani ya saa za kazi zinazolipwa. Yakifanywa wakati wa chakula, mfanyakazi ataelewa thamani mnayoyapa.

Lugha iwe Kiswahili chepesi. Asiyekielewa vizuri apate mwenzake wa kumfafanulia. Kwa kuwa wengine hawasomi kwa urahisi, onyesheni kwa vitendo. Makundi yawe madogo, watu 15 hadi 20, ili kila mmoja aguse kifaa na kutamka maneno.

Wa msimu na vibarua wafunzwe siku ya kwanza kabla hawajashika mkasi. Hao ndio wasiolijua shamba, na ndio wanaoogopa zaidi kuuliza.

Wakufunzi watoke miongoni mwa wafanyakazi. Mvunaji wa miaka mingi akieleza, wenzake husikia. Alipwe kwa kazi hiyo.

Kuweka sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio si kufunzika. Mwisho wa kila kipindi mtu aonyeshe alichojifunza: avue vifaa kwa mpangilio, asome ubao wa mlangoni, ataje majina ya watu watatu wa kupelekewa malalamiko.

8. Kupima kama mafunzo yamefaulu

Baada ya mwezi mmoja, mjumbe wa kamati atembee shambani na kuwauliza wafanyakazi wachache kutoka kila blok maswali matatu: Ukiona hatari utamwambia nani? Mara ya mwisho mtu alisema, kilifanyika nini? Kuna jambo unaliona na huwezi kulisema? Swali la tatu liulizwe mbali na msimamizi.

Ripoti za hatari na malalamiko zikiongezeka baada ya mafunzo, mameneja wasishtuke. Ni dalili kwamba watu wameanza kuamini. Sifuri ndiyo ya kutiliwa shaka. Kwa sababu hiyo hiyo, msitoe zawadi kwa blok iliyomaliza mwezi bila ajali, kwani mtu aliyejikata ataficha kidole ili asiwanyime wenzake zawadi. Mpeni zawadi aliyetaja hatari na ikaondolewa.

9. Ratiba ya mwaka

Septemba na Oktoba: mafunzo ya mameneja na wasimamizi, kabla ya msimu mkubwa.

Novemba na Desemba: wafanyakazi wote, kila kundi nusu siku. Wapiga dawa siku nzima.

Januari na Februari: msifunze mambo mapya. Msimamizi achukue dakika tano kila asubuhi kukumbusha jambo moja, na kamati ikague vivungulio kila siku kwa sababu ndio wakati ambapo taratibu huvunjwa.

Machi: kikao cha kutathmini msimu. Daftari zote zisomwe.

Aprili 28, Siku ya Usalama na Afya Kazini Duniani: wafanyakazi wasomewe yale yaliyoripotiwa mwaka mzima na yaliyorekebishwa, na yale ambayo hayajarekebishwa pamoja na tarehe zake.

Juni hadi Agosti: marudio, mafunzo ya mashine mpya, na uchaguzi wa wajumbe.

10. Mahali pa kuanzia

Shamba dogo lisiloweza kufanya yote haya mwaka huu lianze na mambo matatu yasiyohitaji pesa nyingi. Meneja mkuu aandike na kubandika tangazo kwamba yeyote anaruhusiwa kusimamisha kazi penye hatari na hatakatwa mshahara. Orodha ya ovataimu iwekwe hadharani. Na mtu wa kwanza atakayesimamisha kazi ashukuriwe mbele ya wenzake, hata kama ikigunduliwa baadaye kwamba hatari aliyoihofia haikuwapo. Watu wote watakuwa wakitazama atakavyotendewa huyo, na hapo ndipo watakapoamua kama yaliyosemwa darasani ni ya kweli.